Hama kwa Karatasi Kabla ya Kuhama kwa Miguu

Ni vigumu kumpata mtu wa Afrika Mashariki aliyefanya kazi Riyadh, Doha, Dubai au Muscat asiyemjua mwenzake aliyetoroka kwa mwajiri. Mara nyingi aliyetoroka alikuwa na haki yake: mshahara wa miezi minne haujalipwa, kazi inaanza alfajiri na kuisha usiku wa manane, siku ya mapumziko haijulikani. Akasikia kuna nyumba nyingine inalipa vizuri, akangoja watu walale, akabeba begi akaondoka. Asubuhi yake mwajiri akafungua programu ya serikali kwenye simu, akajaza ripoti ya utoro, na aliyekuwa akidai akageuka mtu anayetafutwa. Mshahara wake umebaki kulekule, na sasa anaogopa hata kukatiza mbele ya kituo cha polisi.

Makala haya ni ya yule ambaye bado hajabeba begi. Ushauri wote uliomo unatokana na kanuni moja: hama kwa karatasi kwanza, miguu ifuate. Katika nchi za Ghuba, anayetambuliwa kuwa mwajiri wako ni yule ambaye jina lake limeandikwa pamoja na lako kwenye kumbukumbu za serikali, hata kama hujamwona mwezi mzima. Jina hilo likibadilika ungali unalala kwa mwajiri wa zamani, umehama salama. Ukibadilisha kitanda na jina likabaki lilelile, umetoroka, hata kama kila mtu mtaani anajua kuwa ulionewa.

Kibali chako kina jina la nani?

Anayekwenda kufanya kazi Ghuba huhitaji viza ya kuingia, kibali cha kazi na kitambulisho cha ukaazi, ambacho Saudia huitwa ikama. Vyote vitatu huombwa na mwajiri, na kwa hiyo vyote hubeba jina lake. Yeye ndiye kafili, na utaratibu mzima ndio kafala. Kwa miaka mingi kafili ndiye aliyekuwa na neno la mwisho: uingie au usiingie, uhame au usihame, na katika nchi kadhaa hata usafiri kurudi kwenu au usisafiri.

Masharti hayo yamelegezwa, lakini kila nchi imelegeza kwa namna yake, na uvumi haujaenda na wakati. Utamsikia kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, wa Doha akisema hawezi kuhama mpaka madamu ampe barua, ilhali hitaji la barua hiyo lilifutwa mwaka 2020. Utamsikia mwenzake wa Riyadh akisema sheria imebadilika na yeye atahama atakapo, ilhali mabadiliko anayoyataja hayamgusi kabisa. Wa kwanza anavumilia asichopaswa kuvumilia, na wa pili anajitia matatani akidhani analindwa.

Kwa hiyo jibu kwanza maswali mawili. Uko nchi gani? Na kibali chako kinasema wewe ni mfanyakazi wa kampuni au wa nyumbani? Swali la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Dereva wa familia, mtunza bustani na mlinzi wa nyumba huhesabiwa pamoja na wafanyakazi wa nyumbani hata kama hawajawahi kuosha sahani moja. Soma kazi iliyoandikwa kwenye kibali. Hiyo ndiyo itakayosomwa na afisa.

Qatar: barua imefutwa, notisi imebaki

Qatar ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili. Mwezi Agosti 2020 ilitoa sheria zilizoondoa hitaji la barua ya kafili ya kutokuwa na pingamizi, na zikawahusu wafanyakazi wote, wa kampuni na wa nyumbani. Leo mfanyakazi wa Qatar anaweza kuhama wakati wowote, hata akiwa kwenye majaribio, mradi atoe notisi kwa maandishi kupitia mtandao wa Wizara ya Kazi. Notisi ni mwezi 1 kwa aliyefanya kazi miaka 2 au pungufu, na miezi 2 kwa aliyezidi hapo. Anayehama ndani ya kipindi cha majaribio hutoa notisi ya mwezi 1, na mwajiri mpya anaweza kutakiwa kumfidia wa zamani kwa kiasi kisichozidi mshahara wa msingi wa miezi 2. Tazama vizuri: fidia hiyo ni ya mwajiri mpya. Akikwambia uilipe wewe kwa kukatwa mshahara, umeshajua tabia yake kabla hujaingia kwake.

Kuna kiwango kingine cha kukumbuka unapopewa ahadi ya kazi Doha. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini kwa kila mfanyakazi, kadama akiwemo, ni riyali 1,000 kwa mwezi, na juu yake riyali 500 za malazi na 300 za chakula pale ambapo mwajiri hatoi malazi na chakula chenyewe. Anayekuahidi riyali 900 na chumba hajakuahidi kazi halali.

Saudia: sheria ya watu wa aina mbili

Mageuzi ya Saudia yalitangazwa Novemba 2020 na kuanza kutumika tarehe 14 Machi 2021. Mfanyakazi wa kampuni anaweza kuhama bila ridhaa ya kafili akishatimiza miezi 12 kwake. Mwajiri mpya hutuma ombi kupitia mtandao wa Qiwa, mfanyakazi hulikubali, na notisi hupelekwa kwa mwajiri wa sasa. Kuna hali ambazo hata huo mwaka hausubiriwi: mshahara haujalipwa miezi 3 mfululizo, mkataba haukusajiliwa ndani ya miezi 3 tangu uingie nchini, ikama au kibali cha kazi kimeachwa kikaisha muda, au mwajiri amefariki, amefungwa au hajulikani aliko. Lakini ukiwa na mkataba wa muda maalumu, soma kifungu cha fidia kabla ya kubonyeza popote. Kuhama katikati ya mkataba kunaweza kukuachia deni.

Mageuzi hayo hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani, walinzi wa nyumba na wachunga mifugo. Na wengi wa Wakenya na Waganda walioko Saudia wamo katika kundi hilo. Kwao njia ya kawaida bado ni makubaliano ya watu watatu: kafili wa sasa anaanzisha uhamisho kwenye mtandao wa Absher, mfanyakazi anaukubali, na kafili mpya anaupokea na kulipa ada. Ndiyo inayoitwa tanazuli.

Hata hivyo kafili akikataa, mlango haujafungwa. Kanuni za kazi za nyumbani zinamruhusu mfanyakazi kuhamishwa bila ridhaa ya kafili katika hali maalumu, kwa uamuzi wa ofisi ya kazi: mshahara haukulipwa miezi 3, iwe mfululizo au kwa vipindi, amekodishwa kwa watu wengine bila ridhaa yake, ameteswa na mwajiri au jamaa wa mwajiri, au ameripotiwa kwa uongo kuwa ametoroka. Neno la kushika hapo ni uamuzi. Anayeamua ni ofisi, na ofisi huamua kwa ushahidi. Nitaurudia ushahidi mbele kidogo.

Falme za Kiarabu na Omani: hesabu kalenda

Katika Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi na wenzao, sheria ya kazi namba 33 ya mwaka 2021 ilianza kutumika Februari 2022. Mikataba yote sasa ina muda maalumu, na majaribio hayazidi miezi 6. Ukitaka kwenda kwa mwajiri mwingine ungali kwenye majaribio, unatoa notisi ya mwezi 1 kwa maandishi, na mwajiri mpya anamrudishia wa zamani gharama za kukuleta, isipokuwa wamekubaliana vingine. Baada ya majaribio, notisi ni ile iliyoandikwa mkatabani, kati ya siku 30 na 90. Anayeondoka bila kufuata utaratibu anaweza kunyimwa kibali kipya cha kazi kwa mwaka mzima. Kadama wa huko wana sheria yao, namba 9 ya mwaka 2022, lakini malalamiko yao yanapokelewa na wizara ileile.

Omani iliondoa barua ya kutokuwa na pingamizi kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Kabla ya hapo, aliyemaliza mkataba na kunyimwa barua alizuiwa kurudi kufanya kazi nchini humo kwa miaka 2. Lakini uhuru wa Omani umefungamana na mwisho wa mkataba: unahama mkataba unapoisha au unapovunjwa kihalali. Aliye Muscat na amebakiza miezi mitatu, busara ni kuitumia miezi hiyo kumtafuta mwajiri mpya na kuandaa karatasi, badala ya kugombana. Na kwa kuwa tumefika Muscat, tahadhari ndogo: Waomani wengi wana asili ya Zanzibar na bara, na Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha baadhi yetu. Mipango yako usiizungumze sebuleni ukidhani hueleweki.

Simu na ushahidi

Kabla ya kumwambia mtu yeyote kuwa unataka kuondoka, anza na laini ya simu. Mitandao ya serikali za Ghuba hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la madamu, yeye ndiye mwenye akaunti yako. Pata laini kwa jina lako, fungua akaunti yako mwenyewe, uitazame: kibali kinaisha lini, kazi iliyoandikwa ni ipi, hali yako ni halali au la. Namba ya uthibitisho usimpe mtu, hata yule ndugu anayejitolea kukusaidia kujaza. Na ombi la kukubali jambo likija, usibonyeze kabla ya kulisoma. Kuna waliojikuta wamekubali mkataba wenye mshahara pungufu kwa kidole kimoja.

Baada ya simu, ushahidi. Piga picha mkataba, pasipoti, viza na kitambulisho, uzitume kwa mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Zisikae kwenye simu yako peke yake, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa ugomvi ukizuka. Weka daftari la tarehe: siku uliyolipwa, kiasi, saa ulizofanya kazi, siku ulizonyimwa mapumziko. Ujumbe wa sauti wa mwajiri anayesema atakulipa mwezi ujao ni ushahidi mzuri kuliko machozi yako mbele ya afisa, kwa hiyo usiufute.

Mshahara wako upite benki ikiwezekana. Falme za Kiarabu zilianza kufuatilia mishahara kwa njia ya benki mwaka 2009, na Qatar ikafuata 2015. Mshahara usiofika huonekana. Anayelipwa mkononi hubaki na neno lake dhidi ya la mwajiri. Kwa hiyo usitie sahihi risiti ya pesa ambayo hujaishika, na usitie sahihi karatasi ya Kiarabu hujaisomewa na mtu asiye wa upande wa mwajiri. Karatasi inayowaliza wengi ni ile inayosema nimepokea stahili zangu zote na sidai kitu. Ukishaitia sahihi, jaji hatakuwa na la kukusaidia.

Kuhusu pasipoti, sheria za nchi hizi haziruhusu mwajiri kuishikilia, na Qatar imeweka faini ya hadi riyali 25,000 kwa anayefanya hivyo. Iombe kwa upole na kwa maandishi. Akikataa, ujumbe wake wa kukataa nao ni ushahidi.

Mwajiri mpya umpime

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Walio Ghuba wana sababu ya kuushika usemi huo, maana misala inayopita ni mingi: dada fulani ana madamu mzuri anayetafuta mtu, kaka fulani ana kampuni ya ulinzi inayolipa mara mbili. Kwanza uliza, je, mtu huyu ana uwezo wa kisheria wa kukuchukua? Kampuni huwekewa idadi na aina ya wafanyakazi, na zilizo na makosa huzuiwa kuongeza watu. Nyumba nayo ina masharti yake. Mwajiri wa kweli atakuwa tayari kuanzisha ombi kwenye mtandao wa serikali kabla hujaacha ulipo. Anayesema "njoo kwanza uanze, karatasi tutafanya baadaye" anakuita utoroke, na siku ya msako hatasema alikuita.

Ahadi iwe kwa maandishi, na isome kwa jicho la mshahara wa msingi. Riyali 2,000 zinazogawanywa kuwa 800 za msingi na 1,200 za marupurupu hazilingani na riyali 2,000 za msingi, kwa kuwa kiinua mgongo hukokotolewa tofauti, na marupurupu ni rahisi kupunguzwa. Uliza majaribio ni ya muda gani. Ukihama unaanza upya, na mwajiri mpya anaweza kukuacha ndani ya kipindi hicho. Ada za kuhamisha kibali ni zake. Anayekutoza wewe anaanza uhusiano wenu kwa kukuuzia kazi.

Jihadhari zaidi na kinachoitwa viza huru. Mtu anakuambia ulipe fedha nyingi, utaandikwa chini ya kafili fulani, kisha utafanya kazi popote upendapo. Hakuna kibali cha namna hiyo. Unachonunua ni jina la kafili usiyemjua, ambaye mwakani atakudai tena ili asikuripoti, huku ukifanya kazi kwa mtu ambaye hayumo kwenye karatasi zako. Falme za Kiarabu ziliongeza adhabu mwaka 2024: anayemwajiri mtu bila kibali hutozwa faini kati ya dirhamu 100,000 na milioni 1. Faini hiyo ni ya mwajiri, lakini anayepandishwa ndege ni wewe.

Pesa zinazosahaulika

Wengi huhama wakihesabu tofauti ya mshahara tu. Hesabu pia kiinua mgongo, kwa sababu tarehe moja inaweza kukupa au kukunyang'anya fedha za miezi. Mfano mzuri ni Saudia kwa wafanyakazi wa kampuni. Anayejiuzulu kabla ya miaka 2 hapati kiinua mgongo. Aliyetimiza miaka 2 mpaka 5 hupata theluthi moja, wa miaka 5 mpaka 10 hupata theluthi mbili, na aliyefika 10 huchukua chote. Maana yake, anayeandika barua ya kujiuzulu akiwa na miezi 22 amejinyima kitu ambacho miezi miwili ya subira ingempa. Na anayesubiri mkataba uishe wenyewe bila kujiuzulu yuko pazuri zaidi, kwa kuwa hakatwi mafungu hayo.

Falme za Kiarabu ni tofauti: aliyetimiza mwaka 1 hulipwa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka 5 ya kwanza, hata akiondoka kwa hiari yake. Qatar, baada ya mwaka 1, ni mshahara usiopungua wiki 3 kwa kila mwaka, na kadama wamo. Kwa kadama wa Saudia ni mshahara wa mwezi 1 baada ya miaka 4. Ongeza siku za likizo ulizolimbikiza. Andika hesabu yako kabla ya notisi, uiombe ilipwe kabla ya siku ya mwisho. Ukishahama, kumfuatilia mwajiri wa zamani hugharimu siku za kazi ambazo mwajiri mpya hatapenda kukupa.

Barua na siku za katikati

Barua ya notisi si mahali pa kutoa dukuduku. Iwe na mambo manne: kwamba unaacha kazi, tarehe unayotoa notisi, siku yako ya mwisho, na stahili unazoomba. Usimtaje mwajiri mpya, usimlaumu wa zamani, usieleze jinsi ulivyoumia. Lawama zina ofisi yake. Ipelekwe kupitia mtandao wa serikali pale unapotumika, na nakala umtumie mwajiri kwa njia inayoonyesha kuwa imefika.

Baada ya hapo zinakuja siku ngumu kuliko zote, siku za notisi. Madamu ananuna, chakula kinapungua, msimamizi anakupangia zamu za adhabu. Fanya kazi kama kawaida na kwa saa zilezile. Usiende kumsaidia mwajiri mpya hata kwa siku moja ya kujaribu, kwa kuwa siku hiyo moja ndiyo inayotafutwa. Wapo waajiri wanaojibu notisi kwa kuripoti utoro ili kuuzuia uhamisho. Kinga yako ni kuonekana kazini na kuwa na kitu cha kuthibitisha hilo: picha ya daftari la mahudhurio, ujumbe wa kila asubuhi kwa msimamizi, hata picha ya jiko unalopikia. Wakikufukuza kabla ya siku, usiende kwa rafiki ukatulia. Siku hiyohiyo toa taarifa wizarani kuwa umezuiwa kufanya kazi.

Ukipigwa, usingoje karatasi

Kanuni ya karatasi ina mpaka, na mpaka wake ni mwili wako. Aliyepigwa, aliyebakwa au aliyefungiwa chumbani hangoji notisi wala mtandao. Aondoke. Sheria zenyewe zinamruhusu: Qatar na Falme za Kiarabu zinamruhusu mfanyakazi kuacha kazi papo hapo akishambuliwa au usalama wake ukiwa hatarini, ingawa Falme za Kiarabu zinamtaka wa kampuni aliyeshambuliwa atoe taarifa ndani ya siku 5 za kazi tangu alipoweza kufanya hivyo.

Linaloamua hatima yako ni mlango wa kwanza utakaobisha. Ukienda polisi, ubalozini, hospitalini au ofisi ya kazi, wewe ni mlalamikaji. Ukienda kwa shoga yako anayekaa na wenzake wanane, au moja kwa moja kwenye nyumba mpya, wewe ni mtoro, na majeraha yako yatakuwa yamepona kabla ya kuonwa na daktari. Kenya ina maofisa wa kazi kwenye balozi zake za Riyadh, Doha na Abu Dhabi. Tanzania ina balozi katika miji hiyo na Muscat. Weka anwani ya ubalozi wako kichwani, kwa kuwa simu inaweza kubaki ndani.

Na kama tayari umepigwa hurubu, yaani umeripotiwa kuwa mtoro, usijifiche ukingoja msamaha wa serikali. Kila wiki inayopita hukubana zaidi. Saudia, mfanyakazi wa kampuni aliyeandikwa kuwa hayupo kazini ana siku 60 za kuhamia kwa mwajiri mwingine au kuondoka nchini kihalali. Zikipita, anakuwa mtoro kamili. Ripoti ya uongo inapingwa, na hapo ndipo lile daftari, zile picha na ile barua ya notisi hulipa gharama yake.

Ajenti wako ana saa yake

Mfanyakazi wa nyumbani wa Saudia akishindwana na mwajiri ndani ya siku 90 za kwanza, hasara huiangukia ofisi iliyomleta, ambayo hutakiwa kumpa mwajiri mtu mwingine au kumrudishia fedha. Ndiyo sababu ajenti anakusihi uvumilie katika miezi hiyo mitatu, na ndiyo sababu hapokei simu katika mwezi wa nne. Ukijua hivyo, lalamika mapema na kwa maandishi, ungali na umuhimu kwake. Ukirudishwa ofisini ili utafutiwe nyumba nyingine, usikubali kutolewa kwa nyumba moja baada ya nyingine kwa siku kadhaa kila mahali bila uhamisho. Huko ni kukodishwa, na kunakatazwa.

Utaambiwa pia kuwa umenunuliwa, na huwezi kuondoka mpaka urudishe fedha. Mwajiri alilipia huduma za ofisi, viza na tiketi. Gharama hizo ni zake kwa sheria, na madai yake yana mahali pa kupelekwa. Hazimpi haki ya kukufungia mlango.

Yote haya yanaonekana mengi kwa mtu aliyechoka, anayelala saa nne kwa usiku. Basi yapunguze. Usiku wa leo fanya mambo mawili tu: angalia kibali chako kinaisha lini na kinasema unafanya kazi gani, kisha tuma picha za mkataba na pasipoti nyumbani. Wiki hii pata laini kwa jina lako. Mengine yatafuata kwa mpangilio wake. Siku utakayoondoka kwa mwajiri wa zamani, uwe umeshaona kwa macho yako jina la mwajiri mpya kwenye akaunti yako, pasipoti iko mkononi, hesabu ya stahili zako imelipwa au imepelekwa wizarani. Ukikosa la kwanza kati ya hayo, na hujapigwa, rudi ndani uendelee na kazi mpaka lipatikane.